Viatu Visivyokanyaga Tope

Hali ilikuwa hivi. Nyumba yetu ipo upande wa Ifakara unaoelekea Katindiuka, mahali ambapo udongo ni mweusi na wa mfinyanzi. Tangu masika yanapoanza hadi yanapokoma, mtu hawezi kutoka mlangoni kwake na kufika barabarani bila kuongezeka kimo kwa unene wa tope lililoganda chini ya viatu vyake. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine zilizo za zamani kuliko nyumba yenyewe, viatu vyote huvuliwa barazani. Sakafu ya sebule ni ya saruji nyekundu, na mke wangu huing'arisha kwa mkono kila wiki. Mgeni akifika, mimi humwambia, "Pita tu na viatu, usijisumbue," naye hujibu, "Hapana, mwalimu, nitavua," ilhali amekwisha kuvua kimoja. Katika miaka yote ya ukarimu huo sijapata kumwona mgeni aliyeyachukua maneno yangu kama yalivyo, wala sijui ningefanya nini kama angetokea.

Hali ya pili ilihusu kinanda cha parokia. Kilikuwa zawadi kutoka ng'ambo: safu mbili za kupigwa kwa mikono, na chini yake safu ya vibao virefu vya kupigwa kwa miguu, viitwavyo pedali. Nasema kupigwa, kwa maana wapo wanaodhani kwamba kazi ya miguu katika kinanda ni kuvuta upepo. Sivyo. Kila pedali ni sauti yake, na zote kwa pamoja ni sauti nzito, ile inayosikika tumboni kabla haijasikika masikioni. Mama aliyekipiga kinanda hicho kwa miaka mingi alikuwa amehamia Mlimba kwa binti yake, na baada yake hakubaki mtu aliyejua kuitumia miguu. Vijana wa kwaya walikuwa na kinanda kidogo cha umeme, chepesi, kinachobebwa kwapani. Viongozi wakaanza kusema, na kwa haki, kwamba kile kikubwa kinachukua nafasi ya waimbaji wanane na kwamba heri kiende stoo. Stoo ya parokia huvuja. Kitu cha mbao kikiingia humo katika masika, hutoka kikiwa kuni.

Hali ya tatu ilikuwa mimi. Nilikuwa nimestaafu kufundisha Kilatini na historia. Katika seminari niliyosoma ujanani nilijifunza kinanda kwa mikono tu, kwa kuwa pedali ziliruhusiwa kwa wale wa mwaka wa mwisho, na mwaka wangu wa mwisho kinanda kiliharibika. Nilibeba hamu hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini bila kumwambia mtu. Kwa hiyo kikao cha kwaya kilipozungumzia habari ya stoo, nilinyoosha mkono. Tukakubaliana hivi: Jumamosi ya kuamkia Pentekoste nitapiga nyimbo tatu mbele ya kwaya nzima, mikono na miguu. Nikiweza, kinanda kitabaki na mimi nitakuwa mpigaji wake. Nikishindwa, kitaondolewa Jumatatu. Hiyo ilikuwa Kwaresima, juma la pili.

Kwa kuwa kanisani kulikuwa na ratiba nyingi, ilinibidi nijifunzie nyumbani. Nilichukua vipimo vya pedali zote kwa rula na uzi, nikampelekea seremala wa jirani, naye akanitengenezea nakala ya mbao za mtiki, kila kibao kikirudishwa juu na springi iliyotoka katika kiti cha baiskeli kuukuu. Pedali hizo zilikuwa bubu. Hazikutoa sauti yoyote isipokuwa ile ya mbao kugonga mbao. Sauti ya besi niliitoa mwenyewe kwa kinywa. Niliziweka sebuleni, chini ya dirisha, na mbele yake benchi, na kila asubuhi kabla ya joto, na tena alasiri, nilikaa hapo na kukanyaga.

"Mwalimu," mke wangu aliuliza siku ya kwanza kutoka jikoni, "unapura mpunga ndani ya nyumba?"

"Ninajifunza, mama."

"Endelea. Ukimaliza gunia uniambie nilete ungo."

Nilijifunza peku. Sikulifikiria jambo hilo hata mara moja, na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Kwangu halikuwa jambo la kuamua. Mtu akiwa sebuleni huwa peku, kama vile akiwa kitandani huwa amelala. Tena nakiri kwamba ilikuwa raha. Mtiki uliopigwa msasa vizuri ni laini kama tunda, na kidole gumba kina akili ambayo sikuwa nimeitambua: kilijua mwanya kati ya kibao na kibao, kilijua vile vifupi vilivyoinuka, kilitafuta njia yake bila macho. Baada ya majuma matano nilikuwa naweza kupiga nyimbo zote tatu huku nimefumba macho na kuimba besi, na mke wangu, ambaye ana sikio zuri kuliko langu, alikuwa akiimba sauti ya kwanza kutoka jikoni bila kujua kwamba anaimba.

Jumamosi iliyofuata Pasaka niliomba nafasi ya kujaribu kanisani baada ya mazoezi ya kwaya. Nilivaa suruali nyeusi na viatu vyangu vya Jumapili, imara, vyenye soli nene iliyotokeza pembeni pande zote kama ukingo wa sahani. Niliketi. Waimbaji kadhaa walibaki kusikiliza. Nikaanza.

Sijui namna ya kueleza kilichotokea isipokuwa kwa kusema kwamba miguu haikuwa yangu. Kila nilipokusudia sauti moja, zilitoka mbili, zenye kugombana. Nilipovuta mguu kwenda kushoto, soli ilinasa kwenye ukingo wa pedali na kubaki hapo, na sauti nzito ikaendelea kunguruma chini ya wimbo ambao ulikuwa umekwisha kupita.

Muungwana mmoja wa sauti ya besi, mkulima mwenye bega pana, alisema kwa upole mkubwa, "Mwalimu, hiyo si besi. Hiyo ni pawatila ya kulimia mpunga imekwama majarubani."

Kwaya nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Mwenyekiti wa kwaya, mama mkulima asiyependa kupoteza muda wala maneno, peke yake hakucheka. Aliinama akatazama chini ya benchi.

"Nyumbani unapiga hivihivi?"

"Nyumbani napiga peku."

"Ah," alisema.

"Mama Mwenyekiti, naomba basi nipige peku hata hapa."

"Peku? Mbele ya waumini? Kinanda kipo pembeni ya altare, mwalimu, kila mtu anaona chini ya benchi. Sare ya kwaya ni viatu vyeusi. Watasema tumemvua mzee viatu." Kisha akaongeza, bila ukali, "Una majuma sita."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Nilipofika nilichukua rula. Kiatu changu cha Jumapili kilizidi mguu wangu kwa sentimita tatu kwa urefu na kwa sentimita moja na nusu kwa upana, na sehemu ya mbele, ambayo ndiyo hukanyaga, ilikuwa pana mara mbili ya kidole gumba nilichokuwa nimekifundisha kwa majuma matano. Nilikuwa nimemfundisha mwanafunzi mmoja na kumpeleka mwingine kwenye mtihani.

Hapo nilimkumbuka padre aliyetufundisha kinanda seminarini. Alikuwa na viatu vyeusi vyembamba, vilivyochakaa kwa juu lakini safi kabisa chini, ambavyo alivitunza ndani ya benchi la kinanda. Kabla ya kupiga alivua vile alivyokuja navyo, akavaa hivyo; akimaliza, alivirudisha. Sisi wavulana tulidhani ni madaha, na tulikuwa tukimwigiza bwenini tukivalishana soksi kwa ibada kubwa. Ilinichukua zaidi ya miaka arobaini na aibu moja ndogo kuelewa alichokuwa akifanya.

Nilihitaji, basi, kiatu chembamba, kisichotokeza pembeni, chenye soli inayoteleza kidogo bila kuteleza sana, na kisigino kifupi cha kukanyagia pale vidole vinapokuwa na kazi nyingine. Na nilihitaji kukivaa nyumbani, sebuleni, kila siku. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu.

Nilianza na nilivyokuwa navyo, mke wangu alipokuwa shambani. Ndala zilianguka kisigino kilipoinuka. Raba za turubai zilikuwa nyembamba ipasavyo, lakini mpira wa soli uling'ang'ania mtiki kiasi kwamba benchi lilisogea kabla ya mguu. Kandambili za tairi, zile zinazoitwa katambuga, nilizivaa kwa ajili ya ukamilifu wa uchunguzi tu. Ziliacha mistari mieusi kwenye vibao viwili na mmoja sakafuni. Mstari huo wa sakafuni ndio ulionifikisha mbele ya mke wangu.

"Huu ni nini?"

Nikaeleza. Nilieleza kwa utaratibu, tangu upana wa kidole gumba hadi sare ya kwaya. Alisikiliza hadi mwisho, akifuta mstari kwa kitambaa.

"Nimekuelewa," alisema. "Na mimi nataka upige, mwalimu. Lakini kiatu kilichokanyaga Ifakara hakikanyagi sebule yangu."

"Na kiatu ambacho hakijakanyaga Ifakara?"

Alifikiri. Ni mtu wa haki. "Hicho si kiatu. Hicho ni kifaa. Kitaingia kama sahani zinavyoingia."

Kwa hiyo niliingia sokoni, katika viatu vya mtumba, nikiwa na rula mfukoni. Muuzaji alizoea watu wanaokunja soli, wanaonusa ngozi, hata wanaogonga kisigino mezani. Aliyepima upana wa pua ya kiatu na kuandika hakuwa amemwona. Siku ya tatu nilipata jozi niliyoitaka: nyeusi, ya ngozi laini kama sikio la mbuzi, nyembamba, ya kufunga kamba. Soli yake tu ndiyo iliyokuwa imekwisha. Nilivibeba hadi nyumbani kifuani, bila kuviruhusu viguse chini, na kumwonyesha mke wangu.

"Hivi vimekwisha kutembea," alisema alipovigeuza.

"Vimetembea Ulaya."

"Basi vimekanyaga."

"Ulaya hakuna tope, mama."

"Wewe umefika?"

Sikuwa nimefika. Tulikubaliana kwamba, kwa kuwa kinachokanyaga ni soli, soli ikibadilishwa kiatu kitakuwa hakijakanyaga kokote.

Fundi viatu wetu yupo karibu na stendi. Ni mtu wa Kanda ya Ziwa. Wazazi wake walikuja bondeni na ng'ombe, naye, kama asemavyo mwenyewe, alibaki na ngozi. Ananiita mtani, ingawa hakuna kati yetu awezaye kueleza utani huo ulianzia wapi.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Hujambo, fundi?"

"Sijambo. Haya, mlaze mgonjwa hapa."

Nikaviweka juu ya ubao wake. "Nataka soli mpya, ya ngozi, nyembamba kadiri uwezavyo, iliyokatwa sawasawa na kiatu. Isitokeze hata kidogo."

"Nyembamba! Masika haya? Utafika sokoni soli imebaki njiani."

"Sitakwenda navyo sokoni. Sitatembea navyo kabisa."

Aliweka nyundo chini na kunitazama kwa huruma. "Mwalimu, usiwaze hivyo. Bado una nguvu. Mambo ya nguo za kuzikiwa waachie watoto."

"Si vya kuzikiwa. Ni vya kupigia kinanda."

"Kinanda kinapigwa na viatu?"

"Na miguu."

"Na mikono inafanya nini?"

"Inapiga pia."

"Kazi kubwa hiyo," alisema, akaviweka chini ya meza kwa namna iliyonipa mashaka.

Mashaka hayo yalikuwa ya haki. Baada ya siku tatu alinikabidhi viatu vyangu vikiwa na soli ya tairi, nene, iliyoshonwa mara mbili na kutokeza pembeni kwa kidole kizima. Alikuwa amefurahi. "Nimekuongezea," alisema. "Mtani wangu hawezi kutembea na karatasi. Watu wakiuliza nani kakushonea, niseme nini?" Nikatambua kwamba hakuwa amenidharau. Heshima ya kazi yake ilikuwa katika unene, na mimi nilikuwa nimemwomba, mbele ya watu, afanye kazi mbaya.

Yalikuwa yamebaki majuma matatu na siku chache. Sikumlaumu. Nilimwomba tu aje nyumbani alasiri ile akimaliza kazi.

Alikuja kweli, akiwa amenawa. Mlangoni nikamwambia, "Pita tu na viatu," akajibu, "Hapana, mwalimu," na mke wangu akaleta chai. Nilimweka kwenye benchi mbele ya pedali, nikamwomba akanyage. Alikanyaga kimoja, kwa woga. Kisha cha pili. Kisha akaanza kupeleka mguu kushoto na kulia, akisikiliza mbao zikigonga, na uso wake ukabadilika ukawa uso wa mtu aliye kazini.

"Kumbe ni cherehani," alisema. "Cherehani yenye kanyagio nyingi."

"Ndiyo hivyo hasa."

"Na fundi cherehani hakanyagi kwa tairi. Lazima mguu usikie." Alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyekosea. "Sasa mbona hukusema?"

"Alisema," mke wangu akajibu kwa niaba yangu. "Lakini huyu ukimwacha aseme, mtu husinzia."

Walicheka wote wawili kwa muda mrefu kuliko nilivyoona inastahili.

Aliondoka na viatu, na safari hii alitumia siku mbili tu. Alinieleza alichofanya, nami naandika kama alivyosema, kwa kuwa ni elimu ambayo haimo vitabuni mwangu: ngozi ya tumbo la ng'ombe huvutika, ikikanyagwa sana hulegea, ngozi ya mgongo husimama. Kwa hiyo alikata mgongo, akaukwangua kwa kisu hadi ukawa mwembamba kama sarafu, akaushona kwa ndani ili uzi usiguse kibao, na kuupunguza pembeni hadi jicho lisione mahali soli inapoishia na ngozi ya juu inapoanza. Kisigino alikifanya kwa tabaka tatu za ngozi hiyohiyo. Aliniletea vikiwa vimefungwa katika gazeti, akamkabidhi mke wangu badala yangu, na mke wangu akavigeuza, akapitisha kidole chini, akasema, "Vipite."

Siwezi kudai kwamba mambo yalikwenda vizuri mara moja. Siku nne za kwanza nilikuwa mbaya kuliko nilivyokuwa mwanzo. Kidole gumba, kilichozoea kuongoza, kilikuwa sasa kimefungiwa chumbani na kutoa amri kupitia ukuta. Ilinibidi nianze upya kwa sauti moja moja, mguu wa kulia peke yake, wa kushoto peke yake. Lakini viatu vyenyewe sikuvihisi. Havikubana, havikupwaya, havikunasa. Siku ya tano nilisahau kwamba nimevivaa, na nadhani hakuna sifa nyingine ambayo kiatu kinaweza kupewa. Kisigino kilinifundisha kitu ambacho peku nisingekijua kamwe: kwamba mguu mmoja unaweza kupiga sauti mbili zinazofuatana, vidole kisha kisigino, bila kukata, kama mtu anayezungumza kwa pumzi moja. Asubuhi zile zilikuwa njema. Mvua ilipiga bati, vibao viligonga, maharage yalichemka, na jikoni sauti ya kwanza iliendelea pale tulipoiachia.

Jumamosi ya kuamkia Pentekoste mvua haikukatika tangu alfajiri. Nilikwenda kanisani na mabuti, viatu vikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa ambao mke wangu aliushona kwa kipande cha kitenge. Mke wangu alikuja pia, akakaa benchi la nyuma. Kwaya ilikuwa imekamilika. Niliketi, nikavua mabuti, nikafuta miguu, nikavaa soksi, nikafunga kamba. Yote hayo yalichukua muda, na yule muungwana wa besi alikohoa.

Wimbo wa kwanza ulikwenda kama ulivyopaswa. Katika wa pili nilikosa sauti moja, katikati ya ubeti wa tatu. Niliisikia, mwenyekiti aliisikia, na miguu ikaendelea bila kungoja tuijadili. Katika wa tatu waimbaji, ambao walikuwa wameagizwa wasikilize tu, walianza kuimba. Besi ndio walioanza. Hawakuambiwa, nadhani mtu wa sauti ya chini akisikia sakafu imewekwa chini yake, hupanda juu yake mwenyewe. Nilipoinua miguu kulikuwa na mvua tu.

Mwenyekiti alikuja hadi kwenye benchi. Alitazama viatu, akatazama pedali.

"Ulikosa mahali pamoja," alisema.

"Ubeti wa tatu."

"Ubeti wa tatu." Akawageukia waimbaji. "Kesho Misa ya pili tunaanza na kinanda. Wote mfike mapema. Na mwalimu asisumbuliwe akiwa anavaa."

Kesho yake nilipiga Misa ya pili yote, mikono na miguu. Jumatatu hakuna aliyekuja kuhamisha kitu, na kinanda kipo pale kilipokuwa, pembeni ya altare, ambapo mimi hukipiga kila Jumapili.